"Kamba Imekatika?" "Bado"

Habari ya kifo chake ilinikuta Makambako, nimesimama kando ya lori nikingoja gurudumu lizibwe. Dereva mmoja aliyetoka Njombe nyuma yetu aliteremka, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, yule mtu wa mashua kachukuliwa na maporomoko." Nilimkatalia palepale. Nilimwambia amechanganya watu, kwa sababu mtu huyo nilikuwa nimeagana naye mchana uleule, mzima, na kwa masikio yangu nilikuwa nimesikia safari ya mashua imeahirishwa. Dereva aliniangalia kwa huruma. "Haikuahirishwa, mwalimu. Walikwenda." Wasomaji wangu mnaonifuata katika safu hii mnajua kwamba huwa najitahidi kuandika kwa utulivu. Leo msiutafute utulivu huo hapa, sina.

Wasiofika Njombe niwaeleze kidogo. Juu ya maporomoko yetu mto hutulia kama maji ya kwenye beseni, na hapo ndipo mzungu mmoja mwenye hoteli aliweka mashua ya kuwatembeza wageni wanaopita na magari yao kwenda kusini au kurudi. Mashua ilifungwa kwa kamba ndefu ya katani kwenye mti wa ukingoni. Vibarua waliilegeza kamba taratibu, mashua ikateremka na mkondo mpaka karibu na mahali maji yanapodondokea, wageni wakachungulia chini wakapiga mayowe ya furaha, kisha vibarua wakaivuta kuirudisha. Ndani yake, na pondo lake la kusukumia mashua mkononi, alisimama marehemu, Mbena wa Lupembe, mtu wa maneno mengi na sauti kubwa. Kanisani aliimba kwa nguvu mpaka mchungaji akamwomba awaachie na wengine nafasi. Sitamsifu kwa unyenyekevu maana hakuwa nao. Alijigamba kwamba hakuna mzungu aliyepanda mashua yake asiyemshika mkono kwa woga, na mimi niliwaona wengi wakimshika.

Siku moja ya Jumapili, mwenye hoteli akiwa safarini, aliniita ukingoni. "Kamwene, mwalimu! Njoo upande." Nikamuuliza kama inaruhusiwa. Akacheka. "Mashua hii haijawahi kubeba mtu mweusi asiyeshika pondo. Leo itajifunza. Panda, mnyalukolo, panda!" Akiniita ndugu namna ile ningekataaje? Nilipanda, nikayaona maporomoko niliyozaliwa nikiyasikia, nikayaona kutoka upande ambao mama zetu hawajawahi kuyaona, kwa sababu njia yao ya kuchotea maji ilikuwa imezibwa kwa uzio ili wageni wasiharibiwe picha zao. Nilimwambia jambo hilo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisema, "Mimi nimo ndani ya uzio, mwalimu. Kwa hiyo nikisema neno, lazima niliseme vizuri." Nililichukulia kuwa ni majivuno yake tu.

Sasa sikilizeni neno alilolisema siku ya mwisho. Nilikuwa nimepita ukingoni kumsalimu kabla ya kupanda lori. Wageni wawili, mume na mke, walikuwa na haraka ya kufika Makambako kabla ya giza. Kamba ilikuwa imelika mahali inapopita juu ya jiwe, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka usingizini. Marehemu aliishika pale palipolika, akaiinua ili mwenye hoteli aione. Mwenye hoteli akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi, "Kamba imekatika?" Marehemu akajibu, "Bado, Bwana."

Nani kati yenu hajaelewa? Mtoto wa darasa la kwanza angeshuka kwenye mashua ile. Ukiniuliza kama mgonjwa amekufa nami nikakujibu "bado", utaanza kukusanya ndugu. Vibarua waliposikia walianza kuikunja kamba, na mimi niliposikia nilimuaga, nikaenda zangu kwenye lori, nikijua mazungumzo yamekwisha na siku ya kazi imekwisha. Hatukujua kwamba kuna mtu amekaa katika nchi hii miaka mingi, amekula chakula chake na kuamrisha watu wake, na bado kwake neno hilo lina maana ya "hapana, ni nzima, twende." Aliwaamuru vibarua waikunjue kamba. Marehemu, kama walivyonisimulia, alirudia neno lake kwa sauti kubwa zaidi. Akaambiwa asipige kelele mbele ya mama mgeni.

Kamba ilikatika wageni wakichungulia. Marehemu alilikita pondo kwenye mwamba, akaisukuma mashua kwa nguvu zote mpaka ikakwama kwenye matete, na msukumo huohuo ukamtupa yeye majini. Wageni walitoka na viatu vilivyolowa. Yeye tulimpata chini ya maporomoko, tukampeleka Lupembe, tukamzika kwa nyimbo alizozipenda, na kwa mara ya kwanza wengine walipata nafasi ya kuimba.

Ningeweza kuishia hapo na huzuni ingetosha. Lakini palikuwa na baraza bomani, na barazani mwenye hoteli alisimama akasema, "Nilimuuliza kama kamba imekatika, akajibu hapana." Ikatangazwa mbele ya mjane na watoto kwamba marehemu alisema uongo kuhusu kamba, na kwamba kifo chake ni matokeo ya uzembe wake mwenyewe. Mjane hakulia mazishini kama alivyolia pale. "Mume wangu alikuwa na maneno mengi," aliniambia, "lakini ya uongo hakuwa nayo. Mwalimu, waambie." Nikaenda kuwaambia. Nilimweleza Bwana Shauri, mzungu wa serikali aliyeliendesha baraza lile, kwamba nilikuwepo, kwamba neno lilikuwa "bado", na kwamba "bado" si "hapana": ni onyo la mtu anayemheshimu anayemwonya. Akasema, "Basi ni tofauti ndogo ya lugha." Tofauti ndogo! Ndani ya tofauti hiyo kuna mtu amelala kaburini.

Nimekasirika, na nataka ijulikane nimekasirikia nini. Ajali hutokea kwenye mito yote. Ninachokikasirikia ni watu wanaotuuliza maswali kwa lugha yetu, wakaamua wenyewe maana ya majibu yetu, kisha wakatuita waongo. Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo watoto wake watasoma watakapokua: baba yenu alisema kweli, aliisema vizuri, na kila aliyejua Kiswahili ukingoni pale alimwelewa.

Nilipokuwa natoka, Bwana Shauri alinisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu. Alitazama nje, ambako watu wa Lupembe walikuwa wamekaa kimya kwenye nyasi wakinisubiri, akaniuliza, "Mwalimu, watu hawa wamekasirika?"

Nikamjibu, "Bado, Bwana."

Akashusha pumzi, akanishukuru, akarudi ndani kunywa chai yake.