Ndoo ya Bi Haskett

Siku Merle Tolliver alipowaona kwa mara ya kwanza, alidhani ni mawe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, na ng'ambo ya uzio, kwenye malisho ya Bi Haskett, yalisimama mawe makubwa meusi yenye barafu mgongoni. Ndipo jiwe moja likapumua. Kisha la pili. Farasi wake alikuwa ameshajua kabla yake, maana mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Walikuwa nyati wa kule Montana, wenye nundu na ndevu, manyoya mazito kama zulia lililolowa. Katikati yao, bila fimbo wala mbwa, alitembea mwanamke mzee aliyevaa koti la kiume, mkononi ana ndoo yenye kifuniko.

"Mrudishe nyuma huyo farasi," alisema, wala hakupaza sauti. "Kuna mmoja hapa hajamaliza kuzaa."

Merle akarudi nyuma.

"Wewe ndiye mswagaji mpya wa Clete Rusk?"

"Ndiyo, mama."

"Una jina, au Clete kakuajiri bila jina?"

Akamtajia. Mwanamke akainama, akaokota kitu chekundu, chenye utelezi, kilichokuwa kimenasa kwenye majani, akakitia ndooni na kukifunika.

Merle alikuwa na miaka arobaini na kitu, mtu wa haya, ambaye kwenda dukani kununua buti kulimtoa jasho. Kazi ya farasi aliipenda kwa sababu farasi hana maswali. Kila majira ya kuchipua nyati walitoka kwenye hifadhi, huko juu kwenye theluji, wakashuka bondeni kutafuta majani na kuzaa. Wenye ranchi kama Clete nao walitaka bonde hilo hilo kwa ng'ombe wao. Kwa hiyo kabla malori ya ng'ombe hayajaja, watu wa farasi waliajiriwa kuwaswaga nyati warudi ng'ambo ya mto.

Tatizo halikuwa majani tu. Nyati wale walibeba ugonjwa wa kutupa mimba, na ugonjwa huo hukaa kwenye kondo la nyuma. Ng'ombe naye hawezi kulipita kondo bila kulinusa na kulilamba. Akiambukizwa mmoja, serikali huchinja kundi zima, na la jirani huenda nalo likachinjwa. Halafu wanaume wenye bunduki hupanda kwenda kuwaua nyati.

Ione Haskett, yule mwanamke wa ndoo, aliyajua hayo kuliko wote. Alipokuwa bado bibi arusi, ng'ombe wake na wa mumewe walichinjwa wote kwa siku moja. Mumewe, Russ, alijifungia ndani ya pikapu na kupandisha vioo ili asisikie. Tangu hapo hadi anakufa hakuwa tena mtu wa maneno. Ione alianza upya na ng'ombe weusi wachache. Na kila msimu wa nyati kuzaa, alfajiri, alitembea nyuma yao na ndoo, akiokota kondo moja moja, kisha akayachoma kwa dizeli ndani ya pipa la chuma nyuma ya banda. Hakutumwa na mtu.

"Unawapenda sana," Merle alimwambia siku moja, akiwa amekaribishwa kahawa.

"Nani, hawa? Hawa wamenivunjia uzio miaka yote. Mmoja alikuja akagaagaa kwenye bustani yangu ya viazi, akaondoka nayo mgongoni. Siwapendi hata kidogo. Ninachotaka ni kila mtu abaki na ng'ombe wake, na hao nao wabaki na roho zao. Kunywa, inapoa."

Lilikuwapo jambo jingine, ambalo watu wa bonde walilisema kwa sauti ya chini. Jioni nyati walikuja kwenye uzio wa Bi Haskett na kusimama msururu, nyuso zimeelekea dirishani kwake. Hawakula, hawakupiga mlio, hawakutikisa hata mkia. Mpeleka barua aliacha barua zake njia panda. Clete alikuwa akilifanyia mzaha kwenye baa: "Ione anakaguliwa. Wanataka kuona kama ndoo imeoshwa." Watu walicheka, lakini kwenda mjini walizunguka njia ya mbali.

Merle alimuuliza Ione nyati wale wanataka nini.

Ione akasogeza pazia, akachungulia. "Niliacha kuuliza," alisema. "Unaweza kuuliza sana, halafu wakakujibu."

Mwaka wa mwisho theluji iliyeyuka mapema, na Clete akaita malori yake mapema. Ione alimkuta Merle kwenye uzio.

"Yule jike mwenye pembe iliyovunjika bado hajazaa. Mwambie Clete amwache atulie kwanza. Akiswagwa hivi alivyo, atazaa popote."

"Nitamwambia, mama."

Njia nzima Merle aliyapanga maneno. Alipofika, Clete alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu pamoja na waswagaji wengine, wanacheka.

"Tolliver, vipi? Naona leo mdomo unataka kufunguka. Jamani nyamazeni, tusije tukakosa."

Wote wakamgeukia.

"Hapana," Merle alisema. "Nilikuwa nakaza tandiko."

Wakaswaga. Mchana ulikuwa haujaisha na nyati wote walikuwa wamevuka mto. Merle alirudi wa mwisho, kama kawaida yake, ili afunge mageti, na ukungu ukamshukia malishoni. Kwenye geti la Clete aliteremka. Alipogeuka kuvuta mnyororo, alimwona ndama.

Alikuwa mwekundu, bado amelowa, amesimama nyuma ya farasi, karibu kiasi kwamba pua yake iligusa mkia. Hakulia. Ndama wa nyati akizaliwa na kuachwa, hufuata miguu ya kwanza atakayoiona ikitembea, na huyu alikuwa ameifuata miguu ya farasi wa Merle, kimya kimya, sijui kutoka wapi. Kipande cha utando kilikuwa kimemganda shingoni.

Merle akaelewa. Jike alikuwa amezaa katikati ya kuswagwa, na mahali fulani ndani ya malisho yale kondo lilikuwa limelala kwenye majani. Kesho asubuhi malori yangeshusha ng'ombe papo hapo. Akimwambia Clete, Clete angewapigia simu wenye bunduki, na jike na ndama wake wasingeiona kesho. Asipomwambia, ng'ombe wangelilamba, na baada ya hapo kusingebaki mnyama bondeni, wala wa Clete, wala wa Ione, wala wa mwituni.

Akapanda tena, akageuza kuelekea kwa Bi Haskett. Ndama akafuata.

Ione alitoka akamtazama yule ndama kwa muda mrefu.

"Ulimwambia Clete?"

Merle akatazama kofia yake.

"Basi," alisema Ione. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Merle zaidi. "Kazaliwa wapi?"

"Sijui, mama. Upande wa Clete. Sikuona, ukungu."

Ione akaenda kuchukua ndoo. Alikuwa bado anafunga vifungo vya koti, nao nyati wakawa wameshafika. Merle hakusikia kwato hata moja. Mto ulikuwa umefura, na manyoya yao yalichuruzika maji, lakini uwanja mzima kati ya nyumba na banda ulijaa migongo pasipo sauti. Jike mwenye pembe iliyovunjika akaja mbele, akamnusa ndama kuanzia kichwani hadi mkiani, na ndama akaingia chini yake kunyonya.

Kisha wote wakageuka kwa pamoja, kama walioitwa. Wakaanza kwenda taratibu kuelekea malisho ya Clete, na katikati yao wakaacha nafasi, upana wa mtu mmoja.

Ione akaingia kwenye nafasi hiyo. Merle alimpiga farasi visigino ili amfuate, farasi akagoma. Akaruka chini, lakini nafasi ilikuwa imeshajifunga. Ione aligeuka, akamwambia maneno machache, ukungu ukammeza. Mpini wa ndoo ulisikika ukilia kidogo, halafu nao ukanyamaza.

Merle alifanya alivyoambiwa. Giza lilipoanza kuingia na Ione hajarudi, alitoka na taa. Kila alikomulika alikutana na ubavu wa manyoya. Aliita jina lake. Nyati hawakumshambulia, hawakusogea. Akarudi ndani akampigia Clete, akamweleza yote, na safari hii maneno yalitoka yenyewe.

"Usiingie humo," Clete alisema. "Kwa ukungu huu tutakanyagwa wote wawili. Nakuja kukipambazuka." Kabla ya kukata simu akaongeza: "Bibi mkaidi yule."

Alfajiri Clete alikuja akiwa mbele ya malori. Nyati walikuwa wamesimama mviringo, vichwa ndani, hakuna anayekula. Clete alipiga honi mara moja, kisha akazima injini. Akashuka, akavua kofia. Hapo mviringo ukafunguka, na nyati wakaondoka mmoja mmoja kuelekea mtoni, wakavuka wenyewe bila kuswagwa na mtu.

Ione alikuwa ameketi ameegemea nguzo ya uzio, miguu ameinyoosha, ndoo katikati ya magoti, kifuniko kimefungwa. Hakuwa na mkwaruzo. Majani yote yalikuwa yanadondosha umande, lakini koti lake lilikuwa kavu. Daktari alisema ni moyo.

Clete alifunua ndoo, akatazama, akafunika.

"Kalipata," alisema.

Aliyarudisha malori, na malisho yale yakapumzika hadi theluji. Ndoo aliibeba mwenyewe mpaka kwenye pipa nyuma ya banda, akamwaga dizeli, akasimama hapo hadi moto ukazimika. Ng'ombe wa bonde walipopimwa damu baadaye, hakukuwa na hata mmoja mwenye ugonjwa. Bunduki hazikuja.

Siku ya maziko, kwenye ukumbi wa kanisa, watu walimzunguka Merle na vikombe vyao vya kahawa. Walitaka kujua mtu husema nini anapoingia katikati ya nyati wale. Merle aliziangalia nyuso zao, akaona maneno yenyewe ni madogo mno. Akasema hakusikia vizuri.

Alisikia kila neno. Ione alikuwa ameweka mkono mmoja mgongoni kwa jike, kama mtu anayeshika ukingo wa meza, akamgeukia:

"Usinisimamie hapo kama nguzo, Merle. Nenda jikoni ukaniangalizie maharage, yasiungue."