Siku Niliyomfungia Mke Wangu Nje na Radi

Mpaka leo nikipita sokoni Sumbawanga kuna watu wanaulizana kwa sauti ili nisikie, "Mlango umefungwa?", halafu wanacheka, na mimi nacheka nao, nifanyeje, aibu ni yangu, ingawa wa kulaumiwa wa kwanza ni Paskali, mwenyekiti wetu wa jumuiya, na namtaja kwa jina.

Ijumaa ile jumuiya ilisali kwangu. Kiongozi wa sala ni mimi (darasa la nne tu, lakini rozari naiongoza bila kitabu, na nilikuwa najisifia). Mke wangu, Genoveva, alikuwa hajarudi kutoka misa ya Moyo Mtakatifu. Wingu likatanda, upepo ukawa unaupigapiga mlango, nikaona niuzuie kwa mchi wa kinu tusali kwa utulivu. Basi, yote yalianzia hapo.

Sasa mjue, mdogo wangu Deogratias aliuawa na radi tukipalilia ulezi, pembeni yangu kabisa, mimi nikaamka nasikia kwa sikio moja tu. Alikuwa amevaa sweta jekundu. Ni Paskali huyohuyo aliyeniambia msibani kwamba radi hufuata nyekundu, na toka hapo hata nyanya sikuzitaka ndani mvua ikinyesha.

Tuko fungu la tatu la rozari, mlango ukagongwa. Nikachungulia dirishani: Genoveva, amelowa chapachapa, na skafu nyekundu ya chama chao cha Moyo Mtakatifu shingoni. Umeme ukaimulika, nikamwona Deogratias.

"Vua hiyo kwanza," nikamwambia.

"Baba Yustina, fungua, nanyeshewa."

"Ivue, uitupe hukohuko."

"Niutupe Moyo wa Yesu kwenye matope?"

Paskali, rozari mkononi, akaninong'oneza, "Usifungue, mzee, atatumaliza wote."

Sikufungua. Radi ikapiga jirani, bati zikalia, nikajikuta chini ya meza, sala imekufa, watu wazima wanalia. Ndipo tukasikia kutoka nje sauti ya Genoveva ikiendelea pale nilipoachia mimi, "Salamu Maria, umejaa neema," taratibu, kama anambembeleza mtoto, na ndani wakaanza kumwitikia mmojammoja mpaka "sasa na saa ya kufa kwetu", wote isipokuwa sisi wa chini ya meza. Mama mmoja akainuka akauondoa mchi.

Genoveva akaingia anatiririka maji, akaikamua skafu yake, akaitundika kwenye msumari juu yangu, akainama.

"Haya, kiongozi. Fungu la nne."

Nikazidi kujisogeza chini ya meza. Akaongoza yeye, na anaongoza mpaka leo.

Kesho yake Paskali aliutembeza mkasa mjini kote, ila alisahau kusema nusu ya nafasi chini ya meza ile ilikuwa yake.

Mimi nimejua kwamba mdomo unaweza kuikariri rozari nzima huku moyo unaogopa nyanya. Sitafunga tena. Ngurumo zikianza nautupa mchi uani, nauacha mlango wazi, nakaa kizingitini natetemeka, na mpaka nyekundu ile ionekane njiani sipumui vizuri.