Agathe Nyuma ya Kitenge

Félicité alikuwa akigeuza ndagala zake mchangani, pale Makobola, alipomwona Félicien, mlinzi wa zahanati ya Uvira, akija anakokota baiskeli. Baiskeli ilikuwa nzima. Félicité akajua mtu huyu hana haraka ya kufika.

"Mama Riziki," alisema Félicien, "yaya yako ametutangulia."

Félicité aliimaliza safu ile ya samaki, kisha akauliza dada yake amefia wapi.

"Kazini. Amezalisha mwanamke asubuhi, akanawa mikono, akaomba kiti. Ameketi tu, basi."

"Na mtoto?"

"Iko muzima. Analia mpaka barabarani tunamusikia."

"Asante Mungu," alisema Félicité, na hapo ndipo machozi yalipomjia.

Agathe, dada yake mkubwa, alifundishwa kuzalisha na masista wakati wa Wabelgiji. Uhuru ulipokuja, daktari mzungu alifunga masanduku, dawa zikapungua, na mshahara ukawa habari ya kusikia redioni. Yeye alibaki. Félicité alikuwa akimwuliza kila mara kazi hiyo inampa nini, naye alijibu kwa kicheko: "Njoo usimame mlangoni mtoto akitoka, halafu uniulize tena."

Mwaka wa sitini na nne waasi waliishika Uvira. Norbert, muuguzi mwanamume pekee aliyekuwa amebaki, alivukia Bujumbura. Félicité akapanda kutoka Makobola kumchukua dada yake. Mtumbwi wa kuwavusha ulikuwa tayari ziwani. Alimkuta akichemsha sindano.

"Yaya, twende."

"Ngoja maji yachemke."

Kabla hayajachemka, wapiganaji waliingia wamembeba mwenzao, kijana aitwaye Maneno, paja limepasuliwa na chuma. Mkuu wao alisimama katikati ya Agathe na majeruhi.

"Weye mwanamuke, usimuguse wala usimutazame. Amenyweshwa maji ya dawa ya kuzuia risasi. Mukono wa mwanamuke utaiua."

"Basi nani atamshona?"

"Hiyo iko kazi yenu. Akikufia hapa, nyumba hii tunaifunga. Wenye mimba watazalia porini."

Agathe alitazama chumba cha wazazi, ambako wanawake walikuwa wamelala wakisubiri siku zao. Hakutazama upande wa ziwa. Aliagiza paja lifungwe kwa mkanda juu ya kidonda, akamtuma Félicien sokoni kumwita Sumaili, fundi wa nguo, Mwislamu wa zile familia kongwe za wafanyabiashara.

Sumaili alifika na futi ya kupimia shingoni.

"Mama Agathe, minye niko fundi wa nguo. Siko muganga."

"Ngozi nayo iko nguo. Mungu aliishona."

"Mungu hakutumia fundi wa sokoni."

"Leo anakutumia. Nawa mikono mpaka viwiko."

Félicité alivua kitenge alichojitanda, akakishika juu kama pazia. Upande mmoja alilala Maneno, wenzake wamembana mabega na miguu. Upande wa pili, pamoja naye, alisimama dada yake, macho amefumba.

"Legeza mkanda kidogo. Damu inaruka ao inatiririka?"

"Inatiririka."

"Mungu mwema. Osha kwa maji yale yaliyochemka. Unaona nini?"

"Naona ya kwamba ningebaki sokoni."

Wapiganaji wakacheka, hata mkuu wao. Agathe akaendelea, sauti ile ile aliyowatulizia wanawake wenye uchungu: chukua uzi ule wa hospitali, anza katikati, usivute sana, acha nafasi usaha upate kutoka. Félicité alikufa ganzi mikono lakini hakuishusha. Aliiona midomo ya dada yake ikisali kati ya neno na neno. Aliuona pia uso wake, na uso ule ulikuwa na raha.

"Nimemaliza," alisema Sumaili. "Mwenye nguo asije kuniambia haimutoshi."

Maneno aliishi. Zahanati haikufungwa. Mtumbwi uliondoka bila wao, na Félicité hakuuliza tena swali lake.

Vita vilipotulia, Maneno alirudi akichechemea, safari hii nyuma ya mke wake mwenye uchungu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, huyu utamugusa."

"Na wewe?"

"Minye nilishashonwa."

Binti aliyezaliwa walimwita Agathe. Miaka hiyo majina ya Agathe yalikuwa mengi kutoka Uvira hadi Makobola, na kila mama, siku ya kwanza ya kutoka na kichanga, alipitia kwanza kwa yule mkunga kumwonyesha.

Agathe mkunga alizikwa kesho yake baada ya Félicien kuleta habari, mwaka wa sitini na nane. Wanawake walimwosha, wakamvalisha gauni lake jeupe la kazi. Pindo lilikuwa limefumuka, na kabla hawajamvalisha Félicité alilipeleka kwa Sumaili, aliyekuwa ameketi uani pamoja na waombolezaji. Sumaili alilishona kwa mkono, polepole, akakata uzi kwa meno, akalirudisha. Padri Hyacinthe alisoma sala. Maneno alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akina mama walisimama na watoto wao, wengine migongoni, na baadhi ya watoto walilia, hakuna aliyewanyamazisha. Félicité alitupa udongo, akasema, "Asante, yaya." Wanaume wakafukia kaburi, wakasimika msalaba wa mbao, na watu wakashuka kwenda kunawa mikono.