Benchi la Dirishani

Watoto walimwita Mama Sokwe, na wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuwafundisha watoto wa shule za kando ya msitu kwamba sokwe wamebaki wachache, kwamba mti mmoja ukikatwa kuna familia inayokosa pa kulala, na kwamba mtego wa waya hauchagui mguu wa kunasa. Darasa lake lilikuwa chumba kimoja cha ofisi ya hifadhi, chenye mikeka, picha zilizopauka kwa jua, na sokwe wa kitambaa aliyemshona mwenyewe kwa blanketi kuukuu. Mumewe, fundi seremala, ndiye aliyemchongea macho, moja kubwa moja dogo. "Huyo hajazubaa," alimtetea sokwe huyo, akimtania mkewe. "Anakukonyeza wewe."

Kila somo liliisha kwa mchezo. Sokwe wa kitambaa anawekwa katikati, watoto wanapita mmoja mmoja, kila mtu anamlisha ndizi ya kitambaa na kumkumbatia. Ila palikuwa na sharti. Mwenye mafua au kikohozi hagusi. Anakaa kwenye benchi chini ya dirisha, anatazama tu. Maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na mafua ambayo kwako ni ya kupenga na kusahau, yanaweza kumuua mtoto wa sokwe. Wafanyakazi wote wa hifadhi waliishi kwa sharti hilo. Ukipiga chafya asubuhi, msituni huendi, hata uwe nani.

Sasa palikuwa na msichana mmoja waliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alilelewa na bibi yake, na pua yake ilichuruzika masika na kiangazi. Kila somo, benchini. Siku moja akaangua kilio mbele ya wenzake.

"Mwalimu, mimi hata mara moja sijamlisha! Wenzangu wote, mimi tu!"

Mama Sokwe roho ikamlainika. "Haya, njoo mwanangu. Leo tu. Huyu ni wa blanketi, hafi."

Hapo ndipo alipoteleza, na jamani, nani asingeteleza? Chiriku alimlisha yule sokwe, akambana kifuani hadi mshono wa shingo ukafumuka, na darasa zima likapiga makofi.

Wiki iliyofuata akaja askari wa msitu, yule wanayemwita Kimya. Kwake yeye sentensi mbili ni hotuba. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, nimekuta ndizi ukingoni, pale kijitoni. Zimeumwa nusu."

"Si sokwe wameziiba mashambani?"

"Meno ni ya mtoto wa mtu. Na Kifungo alikuwa anakula pamoja na mama yake."

Kifungo ni sokwe mchanga, hajaachishwa ziwa. Walimpa jina hilo kwa jinsi alivyoganda kifuani kwa mama yake. Kundi zima lilikuwa halijapata mtoto mwingine kwa miaka, na wafanyakazi walimlinda kama mboni ya jicho. Mama Sokwe aliposikia hivyo akatoka mbio. Hakuhitaji kuambiwa meno ni ya nani.

Alimkuta Chiriku uani kwao, anaosha vyombo, anaimba, anakohoa, anaimba tena. Alipomwona mwalimu wake uso ukamng'aa.

"Mwalimu! Nimemlisha wa kweli! Nilimwekea, nikajificha, akaja na mtoto wake!"

"Ndizi uliziuma wewe?"

"Nilikula nusu, nikamwachia nusu. Si ulisema sokwe ni ndugu zetu? Ndugu si hugawana?"

Loo! Angemgombeza vipi mtoto aliyefanya lile alilofundishwa? Akachuchumaa, akamweleza polepole kuhusu kikohozi na Kifungo, na kila neno alilolitoa lilimchoma yeye kwanza. Chiriku akanyamaza. Bibi yake, aliyekuwa kizingitini, akasema hajawahi kumwona mtoto huyo amenyamaza hivyo tangu azaliwe.

Kwa Kimya hakuficha kitu. "Kaka, ni mimi. Nilimtoa benchini kwa huruma zangu, akaona sharti ni maneno tu." Kimya aligeuzageuza kofia yake, akasema, "Tungoje," akaondoka. Bora angemtukana.

Wakangoja. Kila asubuhi Mama Sokwe alikaa karibu na simu ya upepo ya ofisini, chai inapoa, anasikiliza mikwaruzo. "Anakula," sauti ya Kimya ilisema. Kesho yake, "Anakula." Akaanza kupumua. Kisha asubuhi moja simu ikakwaruza, halafu: "Nimesikia kikohozi. Ni yule mdogo."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mwituni humpelekei mgonjwa uji wala humpapasi paji la uso. Daktari wa wanyama alisema kumchoma mtoto sindano huku kaganda kwa mama yake ni hatari kuliko mafua yenyewe, wamwangalie kwa mbali. Kwa mbali! Alilifunga darasa kwa kufuli. Mumewe alipomwuliza, alilipuka: "Yule mtoto akifa, mimi darasani sirudi! Nitawaambia nini wale watoto? Wapendeni sokwe kama nilivyompenda mimi, hadi kaburini?"

Mumewe, ambaye kwa kawaida hakosi utani, safari hii alikosa. Alimsogezea chakula tu, naye akakisukuma.

Na Chiriku? Kila jioni baada ya shule alikuja kukaa kwenye ngazi za ofisi na swali moja. "Amekula?" Akiambiwa amekula kidogo, alilia. Akiambiwa hakula, alilia zaidi, na Mama Sokwe alimpakata, akampenga pua kwa kitambaa chake, wakalia wote wawili pale ngazini. Kuna siku Kimya aliripoti kwamba Kifungo hakunyonya tangu alfajiri, mikono imelegea, mama yake ndiye anamshikilia. Siku hiyo hata ngazi zile zilionekana baridi. Mama Sokwe alikuwa na ombi moja tu: akipona, amwone kwa macho yake mwenyewe. Kusikia hakumtoshi.

Kisha habari zikaanza kugeuka, kidogo kidogo. Amenyonya. Amenyonya tena. Amemvuta mama yake sikio, akapigwa kofi. Kofi lile lilimfurahisha Mama Sokwe kuliko habari yoyote aliyopata kupewa, akafungua kufuli la darasa na kuwaita watoto.

Walikuwa ndio kwanza wameketi mikekani, sokwe wa blanketi katikati, shingo yake imeshonwa upya, Kimya alipochungulia mlangoni huku anatabasamu, jambo ambalo halijaonekana miaka.

"Dada, njoo sasa hivi. Wako karibu. Kifungo anapanda mti mwenyewe."

Aliruka kutoka kitini. Aliivamia kofia yake, akazivamia darubini, akafika mlangoni, na hapo koo likamwasha. Alijaribu kukimeza kikohozi. Alijikaza hadi machozi yakamlengalenga. Hakikumezeka. Akakohoa, kikohozi kizito, cha kifuani, kilekile cha Chiriku, alichokipakata ngazini.

Kimya akatazama chini. Mama Sokwe alimtazama kwa macho ya kuomba, mtu mzima mzima. "Ni vumbi tu, kaka," alisema. "Nitakaa mbali. Dakika moja tu. Leo tu."

Leo tu. Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe.

Chiriku akainuka mkekani. Hakusema kitu, yeye mwenye mdomo usiojua likizo. Alikwenda hadi chini ya dirisha, akalipangusa benchi kwa kiganja, akampisha mwalimu wake nafasi. Mama Sokwe akamkabidhi Kimya darubini, akaja, akaketi. Dirisha lile lilitazama msituni, lakini toka pale ulichoweza kuona ni majani tu.