Miche Sitini ya Kahawa

Fimbo niliyomfundishia binti yangu hesabu ilikuwa ya mkahawa. Niliikata mwenyewe, nikaichuna maganda, nikaiweka darini jikoni wiki nzima moshi uikaushe. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa Nshamba wakisimulia habari zetu huanzia pale nilipompiga shemeji yangu. Hawajui ya nyuma. Ya nyuma ni kwamba mkono wa kwanza kumpiga yule mtoto kwa sababu ya hesabu ulikuwa wangu.

Alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Baba yake alikuwa amegongwa na lori la ndizi kwenye barabara ya Muleba, asubuhi, akisukuma baiskeli. Walimrudisha amefunikwa majani ya mgomba kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumfunikia. Tulimzika nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba, kama tunavyozika watu wetu wote.

Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha mafumbo ya hesabu. Hakuwa na kitabu. Walitembea kibanjani, mtoto mbele, baba nyuma na kisu chake cha kukatia majani makavu.

"Mkungu huu una vichane vinane. Kila kichane kina ndizi kumi na tano. Nikila kichane kimoja?"

"Zimebaki mia moja na tano, tata."

"Na mama yako akila kimoja?"

"Tisini."

"Na baba mkubwa wako akipita hapa?"

"Hazibaki!"

Nilikuwa nawasikia wakicheka nikiwa jikoni. Baba mkubwa huyo ndiye shemeji yangu, kaka wa mume wangu, anayekaa kibanja cha jirani, ng'ambo ya mstari wa milamula iliyopandwa kuwa mpaka.

Baada ya mazishi shemeji ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba yetu. Mume wangu alikuwa na wana wawili wa mke wake wa kwanza aliyefariki, vijana wakubwa wanaofanya kazi Bukoba, na kibanja kilikuwa chao. Mimi na binti yangu tulikuwa tunakaa tu. Siku moja shemeji alisimama mlangoni akaniambia, "Huyu akifeli mtihani wa la nne, harudii darasa. Kuna watu Kagondo wanatafuta msichana wa kazi. Atakula, atalala, basi." Nikamwambia bado ni mdogo. Akasema, "Sufuria haziulizi umri."

Kwa hiyo nikakata fimbo.

Mimi nimeishia darasa la saba. Baba yangu alinifundisha hesabu kwa kunipiga, na majedwali yote ninayoyajua yaliingilia mgongoni. Sikuwa na njia nyingine. Kila jioni mtoto akitoka shule nilimketisha kwenye mkeka tuliokuwa tunaanikia kahawa, nikamwekea punje za kuhesabia, nikamtungia swali. Akikosa, nampiga miundi. Fimbo ya mkahawa ina vifundo, na kila kifundo kinaacha alama yake. Siku moja nilimuuliza juu ya mama mwenye mayai thelathini anayeyapanga sita sita. Alijua jibu, nilikuwa nimeliona midomoni mwake, lakini aliitazama fimbo na jibu likarudi ndani. Nikampiga kwa kunyamaza. Nikampiga tena kwa kulia. Mkojo ukamtoka ukalowesha kahawa, nikampiga kwa kulowesha kahawa. Kisha nikakaa chini nikamlilia baba yake, na mtoto akaja akanifuta machozi kwa kanga yangu. Miguu yake ilikuwa inatoka damu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nampiga nani. Nilikuwa nampiga yeye.

Hata hivyo alianza kupata. Jioni moja nilimpa swali nililolitoa kichwani: baba ana mikahawa tisini, ana watoto watatu, awagawie sawasawa. Akapanga punje, akasema thelathini kabla sijainua macho. Alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifurahi tangu msiba.

Sikujua kwamba shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Hao watoto watatu ni akina nani?"

Mtoto akajibu kwa sauti ya shuleni, "Kaka zangu wawili na mimi, baba mkubwa."

Alicheka. "Na wewe! Wewe nani alikugawia kahawa? Kwenu ni utakakoolewa." Akanigeukia. "Shemeji, ndiyo unayomfundisha haya? Kesho atakuja na kamba kunipimia kibanja." Kisha kwa mtoto: "Rudia. Mikahawa tisini."

"Thelathini."

Alimpiga sikio la kulia kwa bakora yake. Sijasahau mlio ule, kama mtu anayepasua kuni mbichi.

"Rudia."

"Thelathini, baba mkubwa, kwa sababu watoto ni…"

Akampiga palepale. Damu ikatoka sikioni, ikashuka shingoni mpaka kwenye kola ya sare. Mtoto hakunitazama kuniomba nimsaidie. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, nimwambie jibu. Nilikuwa na fimbo yangu mkononi. Nikasema, "Arobaini na tano. Sema arobaini na tano."

"Arobaini na tano," akasema.

"Umeona?" shemeji akasema. "Akili anayo. Anataka kuamshwa tu."

Akaketi. Nami nikaingia ndani, nikamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kwa mikono miwili na magoti chini, kama anavyopewa mgeni. Akachukua punje mbili. Akatafuna. Nikamshukuru kwa kuja.

Niliwahi kumwambia padri habari ya fimbo yangu. Habari ya kahawa ile sikumwambia.

Mwezi uliofuata walifanya mtihani wa majaribio shuleni. Mtoto alirudi amebana mikono kwapani. Nikaivuta. Viganja vilikuwa vimevimba, kimoja kimepasuka katikati. Akanipa karatasi. Hesabu za kujumlisha na kutoa alikuwa amepata karibu zote. Swali moja lilikuwa limepigwa mkasi mkubwa wa kalamu nyekundu uliotoboa karatasi:

Mzee aligawa miche 60 ya kahawa sawasawa kwa watoto wake. Ana wavulana 3 na wasichana 2. Kila mtoto alipata miche mingapi?

Alikuwa ameandika 20.

"Kwa nini umegawa kwa tatu?"

"Wavulana ni watatu."

"Na wasichana?"

Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. Baadaye aliniambia mwalimu alimwita mbele akampiga viboko vitano, akivihesabu kwa sauti, mtoto wa kwanza, mtoto wa pili, mpaka wa tano, ili akumbuke wapo wangapi. Darasa zima lilihesabu naye. Nyumbani alipigwa kwa kuwahesabu wote, na shuleni kwa kutowahesabu.

Ningependa kuandika kwamba siku ile niliivunja fimbo. Sikuivunja. Niliirudisha darini nikafikiri labda nitaihitaji.

Kwa swali lile na mengine mawili ya aina ile alikosa alama za kufaulu. Shemeji hakungoja mtihani wenyewe. Jumapili baada ya misa aliita wazee wanne wa ukoo kwetu, akaleta kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, ili waamue mtoto aende Kagondo kabla ya mwezi kwisha. Nilikaa chini karibu na mlango, mtoto ubavuni mwangu.

"Waitu, wazee wangu," shemeji akaanza, "huyu mtoto ni mzito. Mama yake anampiga, mimi nimempiga, mwalimu amempiga. Hakuna kilichoingia. Tunapoteza muda."

Mzee mmoja, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaomba aione karatasi. Akaiweka mbali na uso, akaisoma polepole, akisogeza kidole. Akafika kwenye mkasi mwekundu.

"Miche sitini," akasema. "Wavulana watatu, wasichana wawili. Kaandika ishirini." Akawapa wenzake. "Mbona amepata?"

Wa pili akahesabu kwa vidole. "Ishirini, ishirini, ishirini. Amepata."

"Sasa mwalimu anamkosesha nini?"

"Mwalimu ni wa kuja huyo. Atajua nini habari za kahawa?"

"Angekuwa wa hapa angempa vema."

Wakacheka wote wanne, wakanywa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia. Nilicheka kwa sababu niliona mlango umefunguka kidogo. Yule mwenye miwani akamwinamia mtoto kwa upole. "Mwana wangu, nani alikufundisha kugawa vizuri hivi?"

Mtoto hakujua kama jibu lile sasa lilikuwa sahihi au kosa. Angewezaje kujua? Akainua mkono wenye kiganja kilichopasuka, akamnyoshea shemeji kidole.

"Ni baba mkubwa."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa zaidi. "Kumbe mwalimu mzito ni wewe!" mzee mmoja akasema, akijipiga paja. "Basi Kagondo uende wewe ukaoshe sufuria!"

Shemeji hakucheka. Alisimama akampiga mtoto kofi la sikio lilelile. Mtoto akaanguka juu ya kibuyu, kibuyu kikapasuka, pombe ikamwagika kwenye mikeka. Akampiga teke tumboni. "Unaninyoshea kidole? Mbele ya wazee?" Teke la pili. Wazee walikuwa wakisema, "Basi, basi," bila kuinuka, kila mmoja ameshika kikombe chake kisimwagike.

Mimi niliinuka. Sikukimbia. Nilitembea mpaka jikoni, nikapanda juu ya kinu, nikaishusha fimbo darini, nikarudi.

Pigo la kwanza lilimpata shingoni. Akageuka, akainua mkono kujikinga, na la pili likaupata mkono huo chini ya kiwiko. Ulivunjika, niliusikia. La tatu lilikuwa la mdomo. Baada ya hapo sikumbuki idadi, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Nakumbuka kwamba nilikuwa nasema "Rudia" kila nilipopiga. Nakumbuka jino lake kwenye mkeka, likielea kwenye pombe. Nakumbuka pia kwamba nilisikia raha. Watu wakinihurumia huwa nataka kuwaambia hilo.

Wazee watatu walinishika, mmoja akaniuma bega ili niiachie fimbo. Shemeji alikuwa amelala chini akijaribu kutambaa, na binti yangu alikuwa amejikunja pembeni, ameziba masikio yote mawili. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama yeye.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mwanamke aliyempiga msimamizi wa nyumba hawezi kulala kwenye nyumba hiyo. Shemeji, akitema damu, akasema kwamba mimi niende lakini mtoto abaki, apelekwe Kagondo kama ilivyopangwa. Yule mwenye miwani akatikisa kichwa. "Mtoto hakukosa kitu. Karatasi tumeiona wote. Na huko Kagondo nani atampokea, wakisikia mama yake ni yupi? Aondoke na mama yake, aendelee na shule yake."

Kwa hiyo binti yangu alibaki shuleni kwa sababu wazee wanne waliona jibu lisilo sahihi kuwa sahihi, na alibaki na mimi kwa sababu niliogopwa. Sikuwapinga. Nilifunga nguo zetu kwenye shuka, nikaenda nyuma ya nyumba kumuaga mume wangu. Mtoto hakutaka kusogea karibu yangu. Alisimama upande wa pili wa kaburi.

Sasa tuna chumba kimoja Rwamishenye, mjini Bukoba. Nakaanga ndizi na kuziuza asubuhi. Mtihani wa la nne aliufanyia huku akafaulu, na sasa yuko la tano. Sikio la kulia halisikii vizuri, nikizungumza naye lazima nikae kushoto. Shemeji mkono wake ulipona umepinda, nimesikia. Kaburini hatujarudi; wametuma neno kwamba tukionekana kibanjani hawatawajibika kwa kitakachotokea, na mimi nawaamini.

Fimbo ilibaki kule. Nyingine sijakata. Lakini nikiinua mkono kuchukua mwiko ukutani, mtoto huinua bega kuficha sikio, halafu hujifanya alikuwa anajikuna. Nimwambie nini? Kwamba mkono huu hautampiga? Ameuona unavyofanya.

Jioni bado tunafanya mafumbo. Nimejaribu kumtungia kama baba yake alivyofanya, na yale ya mikungu na vichane anayajibu haraka kuliko mimi. Ila kila swali lenye watoto humsimamisha. Juzi lilikuwa la baba mwenye machungwa arobaini na wanawe wanane, anawagawia sawasawa. Akashika penseli. Hakuandika.

"Mama, watoto wote, au wavulana?"

"Wote."

Alitazama mlango kwanza. Ulikuwa umefungwa. Akanitazama mikono. Halafu akaandika tano, ndogo sana, na kuifunika kwa kiganja.