Pete Katikati ya Galaksi

Dada yangu mdogo ndiye mtu wa kwanza kunitia wivu na fahari kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya Kaaga; yeye alikuwa ng'ambo akisomea vitovu vya galaksi, zile ambazo shimo jeusi katikati yake linameza vitu kwa fujo. Kitovu chenyewe hakionekani, kimefunikwa na vumbi. Alikichungulia kwa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye gesi baridi, molekuli za kaboni monoksaidi. Mama alipoelezwa kwamba ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa, alimsihi asiikaribie.

Nauli yake ilitokana na harambee ya kanisa letu la Githongo. Kwa hiyo alipokuja likizo ya kwanza alisimama mbele ya waumini akatoa ripoti, kama ilivyo desturi: gesi hiyo inalizunguka shimo jeusi kama pete. Baba, mzee wa kanisa, aliipokea pete hiyo kama mjukuu. Aliichora kwa fimbo kwenye udongo wa kiwanda cha kahawa kila alipopata msikilizaji, na wasikilizaji hawakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu foleni ya kupima kahawa ni ndefu.

Miaka miwili baadaye dada alirudi amekonda. Aliniambia pete haipo. Vipimo vipya, vilivyo makini zaidi, vilionyesha kwamba upande mmoja wa ile gesi hauzunguki hata kidogo. Unatimuliwa nje kwa kasi, na ni yeye aliyeunganisha vipande vikawa mduara. Alitaka kuyasema hayo Jumapili, kanisani. Nilikasirika. Nilimwambia atamwaibisha baba, na kwamba Githongo nzima hakuna atakayejua tofauti, basi afunike kombe mwanaharamu apite.

"Hawa watu ndio walinituma," alisema. "Siwezi waletea kitu nimeshajua si ukweli."

Jumapili alisimama akaeleza alivyokosea na alivyogundua. Hakusingizia mashine wala mwalimu wake. Kisha akaeleza kilichopo, na hapo sauti ikapata nguvu: kitovu hicho, pamoja na ulafi wake wote, kinafukuza sehemu ya chakula chake chenyewe, na bado hajui ni kwa nini. Sijawahi kusikia kosa likielezwa kwa uzuri namna ile. Nilimpenda sana siku hiyo, na hasira yangu ilikuwa bado haijaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba akainuka polepole, nami nikainamisha kichwa.

"Hiyo pete mimi nimeambia watu wengi kumshinda huyu," alisema. "Wacha nianze kurudi kwao."

Jumatatu alivaa koti lake la kanisa akaenda kiwandani mapema. Mimi nilirudi Kaaga. Kidato cha Tatu walikuwa wamekaa wiki mbili na kanuni ya lenzi niliyowafundisha vibaya. Nilikuwa nimeligundua kosa langu nikanyamaza. Nilisimama mbele yao, chaki mkononi, nikaita majina, nikafuta ubao, nikaufuta tena. Nilipowaambia nimekosea, kipindi kilikuwa karibu kuisha.