Zahanati ya Mwanamkuu

Bi Mwanamkuu alizaliwa Kurui, akaolewa Masaki ya Kisarawe, akalima mihogo na korosho pamoja na mumewe mpaka mume akafariki. Alikuwa pia mkunga. Uzazi ukimshinda, alimpandisha mama pikipiki, akakaa nyuma yake akimshika kiuno hadi hospitali ya wilaya, na barabara yenyewe ni mashimo matupu. Ndiyo maana kijiji kilipotafuta kiwanja cha zahanati, alitoa shamba lake la kando ya njia bila kubembelezwa.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alivuta kitambaa, ukutani pakasomeka: Zahanati ya Mwanamkuu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alivishwa kitenge, akapigiwa makofi, akatabasamu kwa sababu wote walikuwa wakimtazama.

"Mambo haya si hufanyiwa marehemu?" alimnong'oneza jirani yake.

Masika yalipoanza, Kudra, binti wa jirani huyo, alifika asubuhi na mtoto mwenye homa mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Homa. Nimetoka kwako sasa hivi, dawa hakuna."

Kwako. Tangu hapo kila mtu akawa anasema hivyo. Kwako kumefungwa. Kwako foleni haisogei. Kwako choo kimejaa. Mwanzoni alijitanda khanga akaenda kumuuliza Loyce, nesi aliyeachiwa kazi yote peke yake. Loyce alimvutia benchi.

"Dawa nimeagiza, bibi. Na mimi nangoja kama wao."

Wakakaa pale, wote wamechoka.

Mwishowe akaenda kwa Bilali, mwenyekiti wa kijiji.

"Naomba mlifute jina langu."

"Bibi, ile ni heshima. Halafu limeshapelekwa wilayani, hatuwezi kulifuta wenyewe."

"Heshima gani hii isiyoniacha nikapumzika?"

"Likifutwa watu watasema umekosana na kijiji. Vumilia kidogo."

Aliinuka akaenda zake. Alikwishavumilia mengi katika umri wake.

Korosho zilipokwisha kuokotwa, alikwenda kwa bintiye Shamsia huko Janga, upande wa Kibaha. Kule alikuwa bibi tu. Aliamka jua limeshapanda, akachambua mboga, watu wakapita wakimsalimia na kuendelea na safari zao. Akaanza hata kunenepa.

Kisha Kudra akapiga simu. Loyce amehamishwa, zahanati ina kufuli, na wifi yake ameshikwa na uchungu. Bi Mwanamkuu alimsikiliza akiwa amejilaza mkekani. Alimweleza namna ya kumlaza mama yule, akamtajia dereva wa pikipiki anayeendesha taratibu, halafu akampigia Bilali na kumwambia afuatilie nesi mwingine wilayani.

Mtoto alizaliwa salama jioni ile, hospitalini. Simu za wanakijiji hazikukoma.

"Mama, izime tu," Shamsia alimwambia.

Hakuizima. Baada ya muda alifunga mzigo wake akarudi Masaki, maana huko angalau angeweza kwenda kujionea mwenyewe. Jina lipo hadi leo. Nesi mpya ameshafika, naye anamwita mwenye zahanati, na Bi Mwanamkuu haoni tena haja ya kumsahihisha.